Bomba Lililotoa Pumzi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja katika Mswada wa Riwaya ya Kejeli

Kisa ninachokichambua hapa kimo katika sura ya saba ya mswada wa riwaya ya kejeli ulioandikwa na mkazi mmoja wa Dodoma, ambaye ameniruhusu kuujadili kwa sharti kwamba jina lake na la riwaya yake yasitajwe kabla kitabu hakijachapishwa. Nimeusoma mswada huo nikiwa mhariri wake, tangu ulipoandikwa mara ya kwanza hadi ulipoandikwa mara ya tatu, na kila mara sura hiyo ndiyo iliyonishughulisha kuliko nyingine zote. Humo yamekutana maswali ambayo riwaya ya aina hii haiwezi kuyakwepa: nani ana haki ya kumdhihaki mwenzake, maisha ya watu wasiofahamiana yafungamanishwe kwa kamba gani, na mtu anayejikweza aonyeshwe vipi bila kumwachia msomaji nafasi ya kujikweza juu yake.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Kijiji kimoja kilicho mbele ya Hombolo, mkoani Dodoma, kimechimbiwa kisima kirefu, ambacho maji yake yanavutwa kwa pampu ya jenereta hadi kwenye tangi, kisha yanashuka kwenye vilula. Siku ya uzinduzi imewadia. Maturubai yamefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, meza kuu imetandikwa kitambaa, kikundi cha ngoma kimevaa njuga tangu asubuhi, na anasubiriwa kiongozi ambaye riwaya nzima haimpi jina. Anaitwa Mgeni Rasmi, hata na mke wake. Dizeli iliyokuwapo iliishia kwenye majaribio yaliyofanywa mbele ya kamati ya ukaguzi, kwa hiyo mwendesha pampu ametumwa Ihumwa tangu alfajiri kuleta madumu mawili kwa bodaboda. Anaporudi anakuta barabara imefungwa, kwani trafiki ameagizwa asiruhusu chombo chochote kupita mpaka msafara wa Mgeni Rasmi upite. Msafara uliotarajiwa saa nne asubuhi unapita saa saba, kwa sababu Mgeni Rasmi hakutaka kuondoka mjini kabla mpiga picha wa televisheni hajapatikana. Anafika, anasomewa risala, anahutubia, anakata utepe, anafungua bomba, na bomba linatoa pumzi. Yeye, ambaye macho yake yako kwenye kamera, anafikicha viganja chini ya bomba kavu, anavikung'uta, na umati unapiga makofi.

Hivyo ndivyo kisa kilivyo sasa. Katika mswada wa kwanza hakikuwa hivyo. Bomba kuu lilipasuka lenyewe muda mfupi kabla ya utepe kukatwa, kisha msimulizi maizi, yule anayejua yote bila kuwa mhusika, akachukua kurasa tatu nzima kumshutumu Mgeni Rasmi kwa kiburi, uroho na ujinga wake. Zilikuwa kurasa za hasira ya haki, na ziliandikwa kwa Kiswahili kizuri, lakini hasira hiyo ilikuwa inamwokoa mhusika iliyemkusudia. Bomba lililopasuka kwa sadfa halimdai mtu yeyote. Mgeni Rasmi wa mswada ule alikuwa mtu mwenye bahati mbaya anayesemwa vibaya na msimulizi, na msomaji mwenye moyo laini angeweza hata kumwonea huruma.

Ninaamini kwamba sadfa, inayovumilika katika riwaya ya mapenzi na hata ya upelelezi, ni sumu katika riwaya inayomchambua mtu anayejikweza. Mtu wa namna hiyo anaishi akiamini kwamba mambo yote hutokea kwa ajili yake, kwa heri yake au kwa shari yake. Bomba likipasuka lenyewe atasema amehujumiwa, na kwa kusema hivyo atazidi kujiona mkubwa, maana ni wakubwa tu wanaohujumiwa. Kinachomvua nguo ni sababu. Lazima tendo lake mwenyewe lizunguke kupitia mikono ya watu asiowajua, lirudi mpaka mbele ya pua yake, na asilitambue. Mswada wa pili ulipomfanya Mgeni Rasmi kuwa ndiye aliyeyazuia maji aliyokwenda kuyazindua, kwa njia ya msafara wake mwenyewe, kurasa tatu za shutuma zilianguka zenyewe. Hazikuwa na kazi tena, kwa sababu msomaji alikuwa ameshaliona lile dumu la dizeli limesimama juani.

Inafaa kueleza kwa nini maji, na kwa nini Dodoma, kwani baadhi ya wasomaji wa awali walimshauri mwandishi akihamishie kisa kwenye nchi ya kubuni ili awe huru zaidi. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mjini Dodoma mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Jiji lenyewe kwa miaka mingi limetegemea visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, ukakaa kwa miongo mingi ukitekelezwa kidogo kidogo, hadi mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia kwa kasi. Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na wizara zikajengewa Mtumba, upande wa mashariki. Ina maana kwamba katika muda mfupi sana vyeo vingi vilihamia mahali ambapo maji yalikuwa haba hata kabla vyeo havijafika. Mtu wa cheo na mtu wa dumu wanaoga maji ya ardhi ileile na kutumia barabara ileile ya Morogoro. Mwandishi wa riwaya ya mafungamano ya maisha atatafuta wapi pengine mahali ambapo mafungamano hayo yako wazi namna hii? Nchi ya kubuni ingempa uhuru, lakini ingemnyima jenereta, foleni ya ndoo na vumbi la mwezi wa kumi, na kejeli bila vitu hivi hubaki kuwa hotuba.

Kamba za kisa hiki haziishii kwenye bomba. Katika njia panda ilipofungwa barabara amesimama pia mkulima wa zabibu mwenye makreti kumi na mawili juu ya kirikuu, anayemwahi mnunuzi aliyemwambia kwamba akichelewa kupita adhuhuri atanunua kwa mwingine. Zabibu iliyochumwa haisubiri jua. Mkulima huyu ni mdogo wake mwenyekiti wa kijiji, na fedha za zabibu ndizo mwenyekiti alizoahidi kumlipa mama lishe kwa ubwabwa na kuku wa meza kuu, kwa kuwa alikopa chakula hicho kwa jina la mdogo wake bila kumwambia. Mama lishe naye ni mama mzazi wa afisa habari kijana aliyeandika hotuba ya Mgeni Rasmi. Afisa habari hajui kwamba mama yake anapika kwenye shughuli hiyo, na mama hajui kwamba maneno yatakayosomwa pale yametungwa na mwanawe. Kwa hiyo kila saa inayopotea barabarani inapotea pia katika kreti, katika sufuria na katika deni, na hakuna hata mmoja kati yao anayeuona mzunguko wote.

Hapa ndipo penye jambo ninalolithamini kuliko yote katika mswada huu, nalo ni uhusiano wa risala na hotuba. Risala ya wanakijiji imeandikwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee anayeheshimiwa, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyewafundisha watoto wa kijiji hicho kuandika insha. Miongoni mwa wanafunzi wake wa zamani ni yule afisa habari. Risala inasomwa kwanza, na ndani yake imo sentensi ndefu yenye madaha kuhusu maji kuwa mgeni asiyekataliwa na nyumba yoyote. Baada ya nusu saa Mgeni Rasmi anasimama, anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, anafungua karatasi zake, na katika ukurasa wa pili anasoma sentensi ileile, neno kwa neno, akiamini ni yake. Umati unashangilia kwa kuwa unaona kiongozi ameisikiliza risala yao kwa makini hata akaikariri. Mgeni Rasmi anaona umati umeguswa na ubunifu wake. Mwenyekiti anadhani ofisi ya kiongozi imeiba nakala ya risala, naye anaanza kumshuku mtendaji. Mzee mwalimu peke yake, akiwa ameketi nyuma ya nguzo ya turubai, anatambua mwandiko wa akili yake ukimrudia kupitia kinywa cha mtu mkubwa. Na badala ya kucheka anajawa na fahari, anawaza kwamba sasa serikali inazungumza kwa sauti yake, na kuanzia siku hiyo anaacha kuitikia salamu za vijana mpaka wamwite kwa cheo alichokuwa nacho kabla ya kustaafu.

Tendo hilo la mwisho lilizua ubishi mkubwa katika kikundi cha wasomaji waliopewa mswada. Wengi walimpenda mzee, wakasikitika kwamba mwandishi amemtia dosari. Nilisimama upande wa mwandishi na bado nipo huko. Kama kujikweza ni ugonjwa wa Mgeni Rasmi pekee, basi tunasoma riwaya kuhusu viongozi wabaya, nasi tunazo nyingi. Mswada huu unasema jambo gumu zaidi: kwamba kila mtu katika ule uwanja anajiona ndiye nguzo ya turubai. Mwendesha pampu amekaa njiani saa tatu akiwahubiria wenye bodaboda kwamba bila yeye hakuna uzinduzi, na ni kweli, lakini ukweli huo umemlewesha kiasi kwamba hakupiga simu kijijini kueleza alikokwama, alitaka wamtafute. Kiongozi wa ngoma ameshawaambia wanawake wake kwamba wageni wanakuja kwa ajili ya ngoma na maji ni kisingizio. Mkulima wa zabibu anaamini barabara ya lami ilijengwa kwa sababu ya shamba lake. Ndani ya kila majivuno haya mwandishi ameweka chembe ya haki, na chembe hiyo ndiyo inayowafanya wahusika hawa wawe watu na si vinyago.

Ulinganisho mmoja unanisaidia kulieleza hili. Shaaban Robert, katika riwaya ya Kusadikika iliyochapishwa mwaka 1951, aliyapa majivuno sura na jina: mshtaki wa Karama, mhusika mkuu anayesimamishwa kizimbani, anaitwa Majivuno. Katika istiari ile, iliyoandikwa chini ya utawala wa kikoloni, maovu na mema yalihitaji kutenganishwa kwa majina ili msomaji amtambue nani ni nani hata pale ambapo mambo hayakuweza kusemwa waziwazi. Wajumbe sita waliotumwa na nchi yao na kurudi na maarifa wanatupwa kifungoni, na msomaji hana shaka asimame na nani. Nguvu ya kitabu kile iko katika utengano huo. Mswada wetu una kazi nyingine. Ukimpa mhusika mmoja jina la majivuno, wengine wote wanatoroka, na msomaji anatoroka pamoja nao. Ndiyo maana nadhani mwandishi alifanya vyema kumnyima Mgeni Rasmi jina kabisa: cheo hicho ni kiti, na katika riwaya nzima wanakikalia watu mbalimbali, kila mmoja kwa zamu yake, katika harusi, msiba, kikao cha ukoo na mahafali.

Tatizo lililobaki katika mswada wa pili lilikuwa msimulizi. Hakuwa akishutumu tena, lakini alikuwa bado amekaa juu, akiona kila kitu na kuwacheka wote bila yeye kuchekwa na mtu. Katika mazungumzo yetu juu ya hilo nilimkumbusha mwandishi kuhusu utani wetu wa makabila. Katika msiba mtani anaweza kujilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe fedha, anaweza kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, anaweza kuyataja madeni na uchoyo wake waziwazi, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Hana kinga ya cheo wala ya elimu. Haki yake inatokana na jambo moja, kwamba siku ya msiba wake watani wake nao watakuja kumfanyia yeye na watu wake vivyo hivyo. Msimulizi wa kejeli asiyeweza kutaniwa hana haki hiyo. Amegeuka hakimu, na mtu anayehukumiwa huanza kujitetea badala ya kujitazama.

Mswada wa tatu ndio uliolijibu swali hilo, na jibu lake sikulitarajia. Msimulizi sasa ni mshereheshaji wa shughuli, yule bwana mwenye kipaza sauti aliyekodiwa kutoka mjini. Anasimulia sura nzima katika nafsi ya kwanza, kwa hakika kwamba uzinduzi ule ulisimama kwa sababu yake: yeye ndiye aliyewachangamsha watu katika saa za kusubiri, yeye ndiye aliyepanga nani atambulishwe kabla ya nani. Katikati ya simulizi anataja, kama jambo dogo la kuonyesha ustadi wake, kwamba asubuhi alimpigia simu askari anayefahamiana naye, akamsihi abane kabisa njia panda kusije kukawa na vurugu za bodaboda mbele ya msafara. Msomaji makini anasimama hapo. Amri ya kufunga barabara haikutoka kwa Mgeni Rasmi. Ilitoka kwa mtu anayetusimulia, ambaye anamlaumu mwendesha pampu kwa uzembe kuanzia mwanzo wa sura hadi mwisho, na hajui kwamba mkono wake ndio uliolifunga bomba.

Mabadiliko haya yameleta faida ya pili ambayo inahusu haki. Mmoja wa wasomaji wetu, mtumishi wa umma aliyestaafu, alilalamika tangu mwanzo kwamba kisa kinaikejeli itifaki kana kwamba haina maana, ilhali misafara hulindwa kwa sababu za usalama na utaratibu wa kutambulisha wageni huwalinda hata wanyonge wasirukwe. Lalamiko lake lilikuwa na uzito, na mswada wa pili haukuwa na jibu. Wa tatu unalo. Utaratibu wenyewe haulaumiwi popote. Askari anatekeleza alichoombwa, dereva wa msafara anaendesha anavyotakiwa, mtendaji anapanga viti kwa mujibu wa orodha. Kinacholeta ukavu ni kile kidogo ambacho kila mmoja anakiongeza juu ya wajibu wake ili aonekane: simu moja ya ziada, mpiga picha mmoja wa ziada, ukimya mmoja wa kutaka kutafutwa. Yule mstaafu aliposoma toleo hilo alisema kwamba amewahi kukaa katika kila kiti kilichomo, na akaomba arudishiwe nakala aisome tena.

Lipo suala la mwisho ambalo mimi na mwandishi hatujalimaliza. Dizeli inafika saa tisa alasiri, jenereta inawashwa, na maji yanatoka wakati maturubai yanafunguliwa na msafara umeshaondoka. Mwandishi ameandika hapo aya ndefu nzuri ya wanawake wakijaza ndoo na watoto wakilowana, na wasomaji kadhaa walitamani Mgeni Rasmi arudishwe kijijini aione ili ajifunze. Ninapinga mambo yote mawili. Mgeni Rasmi akijifunza, tutakuwa tumemrudishia ukuu tulioutumia sura nzima kumvua, kwa maana kijiji kizima kitakuwa kimekaa na kiu ili yeye apate somo. Na ile aya ya ndoo, kwa uzuri wake wote, inamfuta msimulizi tuliyemtafuta kwa taabu, kwani mshereheshaji yule wakati huo hakuwapo bombani. Alikuwa nyuma ya gari akibishana na mwenyekiti kuhusu malipo ya saa tatu alizoongezewa, huku mama lishe amesimama pembeni akidai chake.

Pendekezo langu, ambalo mwandishi amelipokea kwa upande wa Mgeni Rasmi na kulikataa kwa upande wa aya, ni kwamba maji yasikike tu kupitia ubishi huo. Mama lishe aambiwe na mtoto kwamba maji yametoka, amkabidhi mtoto ndoo, kisha aendelee kudai fedha yake. Na mshereheshaji, ambaye hakusikia alichosema mtoto, aandike katika daftari lake la kazi kwamba shughuli ilifana. Mwandishi anasema kijiji kilichosubiri namna ile kinastahili kurasa zake za furaha, na kwamba kuwanyima wanawake wale tukio la ndoo kwa sababu ya nadharia ya msimulizi ni kuwaruka tena, safari hii kwa kalamu. Amenipa mpaka mwisho wa msimu wa kiangazi nimletee sababu bora kuliko hiyo, na katika muda huo sura ya saba inabaki na miisho miwili ndani ya faili moja.